Kuzuia maji kwenye karavani: paa, mabomba na mahali unapoegesha

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani huyaingia maisha ya karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, kwa mlango wa kazi. Muuguzi wa mikataba ya wiki 13 hachoki kuhama hospitali. Anachoka kulipa kodi ya nyumba katika mji atakaouaga baada ya miezi mitatu. Basi anatafuta karavani ya mtumba, anaivuta kwa pikapu, na kodi inageuka kuwa ada ya kiwanja. Hesabu hiyo ni nzuri mpaka maji yaingie ndani.

Karavani nyingi za Marekani hutengenezwa jimbo la Indiana, hasa Elkhart na miji ya jirani, na ukizifungua zinafanana: fremu ya mbao nyembamba au alumini, plaiwudi ya milimita chache, fibaglasi au bati la alumini kwa nje, na juu utando wa mpira. Hakuna tofali wala zege. Kila kitu unachokiona juu ya paa, kuanzia feni, dirisha la bafuni hadi bomba la hewa la choo, kimewekwa kwa kukata tundu, na kati ya tundu hilo na mvua kuna gundi ya kuzibia tu. Kisha nyumba hiyo inaburutwa barabara kuu kwa maili 65 kwa saa, ikitikisika kila kiungo. Aliyekulia mwambao ataelewa haraka: jahazi halikalafatiwi mara moja likasahauliwa. Hupandishwa pwani, pamba ikakaguliwa, palipolegea pakajazwa upya. Karavani nayo inataka kalafati yake, ila muuzaji hakuambii.

Maji huingia kwa njia mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya mvua huingia polepole, tone kwa tone, yakaozesha mbao nyuma ya ukuta miezi mingi kabla hujaona doa. Ya bomba huingia kwa kishindo. Kwa maoni yangu watu wanaiogopa mvua kupita kiasi na kulidharau bomba la kambini, yaani la pale unapokodi kiwanja cha kuegesha karavani. Bomba hilo hutoa galoni tatu kwa dakika bila taabu. Kiungio kimoja kikiachia mara tu unapoingia zamu ya saa 12, yatamwagika zaidi ya galoni 2,000 kabla hujarudi kuvua viatu.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulipa

Kama bado hujanunua, hapa ndipo utakapookoa pesa nyingi kuliko hatua zote zitakazofuata. Nenda siku iliyofuata mvua ikiwezekana. Mwombe muuzaji asifungue milango wala kuwasha feni kabla hujafika, kwa sababu pua yako ndiyo kipimo cha kwanza. Harufu ya ukungu, au harufu kali ya manukato yaliyopuliziwa asubuhi hiyo, zote zina maana.

Ukiingia, bonyeza kwa kidole gumba kona zote za juu, kuzunguka madirisha, chini ya kitanda cha mbele, na ndani ya makabati yaliyoshikana na dari. Mbao iliyooza hubonyea. Tembea sakafuni bila viatu, ukikanyaga kwa uzito mbele ya choo, mbele ya sinki, kando ya mlango na mwisho wa slaidi, ile sehemu inayochomoza nje ukibonyeza kitufe. Ikinesa chini ya mguu, plaiwudi imekwisha. Karatasi mpya ya ukutani kwenye kona moja tu ya chumba inaficha jambo.

Nunua kipima unyevu chenye sindano mbili. Si ghali, na hakina aibu kama binadamu. Mbao kavu ya ndani kwa kawaida husoma chini ya asilimia 15. Ikipita 20 hapo maji yanaingia, au yaliingia juzi. Nje, simama kwenye kona ya karavani uangalie ukuta kwa kuulalia, jua likiwa upande mmoja. Ukuta wa fibaglasi ulioingiwa na maji huvimba mawimbi na malengelenge, kwa kuwa gundi inayoushika kwenye plaiwudi imeachia. Ukiona hivyo, ondoka. Kuukarabati ukuta wa namna hiyo mara nyingi hugharimu kuliko thamani ya karavani yenyewe, hata kama muuzaji ni mtu wa nyumbani na amekuapia kwa mama yake.

Hatua ya 2: Paa

Vitabu vingi vya watengenezaji huagiza paa likaguliwe kila siku 90. Wachache hufanya hivyo. Angalau panda mara mbili kwa mwaka, masika na kabla ya baridi, na tena kila baada ya safari ndefu au upepo mkali uliokukuta chini ya miti.

Kabla ya kupanda, hakikisha paa lako linabeba mtu. Mengine hayabebi, na kitabu chake kitasema. Weka ubao wa plaiwudi chini ya magoti ili uzito usambae, vaa viatu laini, na usipande peke yako wala likiwa na umande. Utando uliolowa huteleza mno, na mkataba wa kazi haumngojei mtu aliyevunjika mguu.

Osha kwanza, kwa sababu nyufa hazionekani penye uchafu. Tumia sabuni ya kawaida na brashi laini, usitumie petroli, tina ya rangi (thinner) wala kitu chochote chenye mafuta ya petroli: utando wa EPDM, aina mojawapo ya mpira wa paa, huvimba na kulegea ukikutana navyo. Mapaa ya mpira ni ya aina mbili kubwa, EPDM na TPO. EPDM ikizeeka hutoa unga mweupe unaochirizika ukutani mvua inaponyesha, na ukigeuza ukingo wake utakuta upande wa ndani ni mweusi. Ijue ya kwako kabla ya kununua gundi, kwa sababu kila aina ina zinazokubaliana nayo.

Sasa zunguka tundu moja baada ya jingine, bila haraka. Unatafuta gundi iliyopasuka kama udongo wa kiangazi, iliyoinuka ukingoni, iliyochomozwa na kichwa cha skrubu, au yenye vitundu vya hewa. Tazama hasa mstari wa mbele na wa nyuma ambako paa linakutana na ukuta, kwani huko ndiko fremu inakojipinda ukiwa barabarani. Pitisha mkono juu ya utando wote. Panapobonyea, plaiwudi chini yake imelowa, na hapo gundi haitasaidia mpaka mbao ibadilishwe.

Kwenye sehemu zilizolala tumia gundi ya kuzibia inayojisambaza yenyewe. Dicor ndiyo inayopatikana karibu kila duka la karavani. Kwenye sehemu zilizosimama tumia ile isiyotiririka, la sivyo utaikuta dirishani. Gundi ya zamani ambayo bado imeshika haina haja ya kung'olewa yote: kata iliyoachia, safisha, kausha, kisha mwaga mpya juu yake ipite ukingo pande zote. Fanya siku kavu yenye joto kiasi. Juu itafanya ngozi ndani ya dakika chache, lakini kukomaa kabisa huchukua hadi siku 30, kwa hiyo usiifanye jioni ambayo radi imeshaanza kunguruma. Kwa mpasuko wa utando wenyewe, tepu pana ya kuzibia paa kama EternaBond hushika vizuri mno. Hushika kiasi kwamba ukiiweka kombo hutaitoa, basi pima mara mbili kabla ya kubandua karatasi yake.

Silikoni ya dukani, ile ya kuzibia sinki nyumbani, isipande juu ya paa hili. Haishiki vizuri kwenye mpira, na ikishachuja mafuta yake hakuna gundi nyingine itakayoshika mahali hapo. Mafundi hutumia muda mwingi zaidi kukwangua silikoni ya mtu kuliko kuziba tundu lenyewe.

Kiyoyozi kina utaratibu wake. Hukaa juu ya tundu la inchi 14 kwa 14, juu ya gasketi nene ya sponji, na hushikiliwa na boliti nne unazozifikia kutoka ndani ukifungua kifuniko cha dari. Boliti hizo hulegea safarini. Zikaze kidogo kidogo kwa zamu, mpaka gasketi ibanwe kufikia kama nusu inchi, zisizidi hapo. Usizungushie gundi kwa nje. Kiyoyozi hutoa maji yake ya jasho kwenye sinia iliyo chini yake, na ukiyafungia njia yatashuka chumbani. Kabla ya kulaumu mvua kwa tone linalodondoka katikati ya dari, angalia kama limetokea siku ya jua kali kiyoyozi kikiunguruma. Huenda ni matundu ya sinia yaliyozibwa na majani na nyigu.

Hatua ya 3: Kuta na madirisha

Hapa kazi ni ndogo ila inasahauliwa. Kwenye kona za karavani kuna ukanda wa alumini wenye utepe wa plastiki katikati. Utepe ukijikunja au kusinyaa, maji hufuata skrubu zilizo chini yake. Ung'oe, badilisha skrubu zenye kutu, weka utepe mpya. Taa ndogo za pembeni na za juu mbele nazo huingiza maji kwa siri. Dirisha linalovuja halitibiwi kwa kupaka gundi nje tu. Dawa ni kulitoa, kusafisha, kulizungushia tepu mpya ya butili (mpira laini unaonata) na kulirudisha.

Jambo moja la kuangalia sana: chini ya fremu ya dirisha kuna vijitundu. Vimewekwa makusudi ili maji yaliyoingia kwenye reli yatoke. Mwenye bidii akiviziba, reli hujaa na kumwagikia ndani, naye huongeza gundi zaidi. Visafishe kwa kijiti cha meno.

Hatua ya 4: Slaidi

Slaidi ni ukuta uliokatwa ukawekewa injini, basi usitegemee itabana kama ukuta mzima. Mipira yake ni ya aina mbili: wa kufuta, unaokwangua maji slaidi inapoingia, na wa kubana, unaogandamizwa ikishafika mwisho. Ifute vumbi na uipake dawa ya kulainisha mipira isiyo na petroli kila baada ya miezi michache. Angalia kama imekunjamana mahali popote, kwani mpira uliogeukia ndani ni mfereji. Kabla ya kuirudisha ndani, panda ufagie juu yake: majani yaliyolowa huingia nayo hadi kwenye zulia. Plaiwudi ya sakafu ya slaidi huoza kuanzia ukingo wa nje chini, mahali ambapo huwezi kupaona bila kulala chini na tochi.

Hatua ya 5: Presha ya maji ya kambini

Kila kiwanja kina bomba lake, na huwezi kujua presha yake kwa kulitazama. Nyumba ya kawaida ya Marekani hupata psi 40 hadi 80 (psi ni pauni za presha kwa inchi ya mraba). Kambi nyingine, hasa zilizo bondeni chini ya tangi la mji, hupita 100, na presha hupanda zaidi usiku watu wanapoacha kutumia maji. Mabomba ya karavani hayakujengwa kuvumilia hivyo usiku baada ya usiku.

Kwa hiyo nunua regulata ya presha, ile ya kurekebishika yenye geji, na iweke kwenye psi 45 hadi 50. Ifunge kwenye bomba la kambi lenyewe, usiifunge ukutani kwa karavani, ili na mpira wa maji uwe salama. Zile ndogo za shaba zinazouzwa kaunta ni bora kuliko kukosa, lakini hubana maji hadi bafu likawa kudondokewa tu. Mpira wenyewe uwe wa maji ya kunywa, na kimpira cha ndani ya mdomo wake kibadilishwe kila mwaka.

Hatua ya 6: Mabomba ya ndani

Ndani kuna mabomba membamba ya plastiki aina ya PEX, nayo ni magumu. Kinachoachia ni viungio, hasa nati za plastiki chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye pampu na nyuma ya bomba la kuogea nje. Baada ya kila safari ndefu, kabla ya kufungua maji, zipitie kwa mkono. Zikaze kwa vidole na robo mzunguko zaidi, spana huzipasua. Bomba za kutolea maji machafu chini ya sinki zina nati za namna hiyo, nazo hulegea pia.

Kuna kipimo cha bure cha kugundua uvujaji ambacho ningependa kila mwenye karavani akijue. Jaza maji kiasi kwenye tangi la maji safi, fungia maji ya kambi, washa pampu, toa hewa kwenye bomba zote kisha zifunge. Pampu itanguruma, ijaze presha, inyamaze. Kaa kimya. Ikinguruma tena baada ya dakika chache ilhali hakuna aliyegusa maji, presha inapotea mahali. Chukua tochi na karatasi za chooni: ipitishe karatasi kavu chini ya kila kiungio, nayo itakuonyesha tone ambalo jicho halioni.

Kama hukuona tone lolote, mshukiwa ni valvu ya upande mmoja iliyo ndani ya pampu. Valvu hiyo ikifa, hutokea jambo linalowachanganya watu: ukiwa umeunganisha maji ya kambi, yanarudi nyuma kupitia pampu na kulijaza tangi la maji safi. Unaona geji inapanda bila wewe kujaza, kisha maji yanachuruzika chini ya karavani, wewe unadhani bomba limepasuka. Tangi likivimba huweza kupinda vishikizo vyake au kumwaga maji chini ya kitanda. Kichwa cha pampu au valvu ya nyongeza humaliza tatizo, na ni kazi ya bisibisi.

Choo cha karavani kina valvu ya maji inayofunguliwa kwa kanyagio la mguu. Ikichoka, maji huendelea kuingia kidogo kidogo kwenye bakuli usiku kucha mpaka yapite ukingo. Ukisikia choo kikinong'ona ilhali hakuna mtu, funga maji usingoje asubuhi.

Hita ya maji, ya galoni 6 au 10, ina valvu ya usalama inayofunguka kwa psi 150 au nyuzi 210 za Fahrenheit. Kudondoka kidogo maji yanapopata moto mara nyingi kunatokana na kukosa nafasi ya hewa juu ya tangi. Zima hita, iache ipoe kabisa, funga maji, fungua bomba la moto la jikoni kupunguza presha, inua mkono wa valvu mpaka maji yakome, ufunge. Ikiendelea kudondoka, nunua mpya. Kuiziba valvu hiyo ni kutengeneza bomu, na naliandika hili kwa kuwa wapo wanaoiziba.

Hatua ya 7: Matangi machafu

Karavani nyingi zina tangi moja la maji ya sinki na bafu, na jingine la choo. La kwanza huwa na ukubwa wa galoni 30 au 40. Ukifunga valvu yake ya kutolea na kuoga kwa bomba la galoni mbili kwa dakika, dakika 20 zinatosha kulijaza, na maji yatarudi kupitia tundu la bafu kwa sababu ndilo lililo chini kuliko yote. Bomba la jikoni linalodondoka hufanya kazi hiyo hiyo bila haraka. Usitegemee taa za geji. Hudanganywa na mafuta ya chakula yaliyoganda ukutani mwa tangi.

La choo ndilo la kutisha. Karavani nyingi zina mahali pa kuunganisha mpira wa kulisafisha kwa ndani. Ukifungulia maji hayo na kusahau kufungua valvu ya kutolea, tangi litajaa, kisha yaliyomo yatapanda kwenye bomba la hewa la paa au kutokea chooni. Hakuna zulia linalookoka hapo. Sheria ni rahisi: valvu ya kutolea ifunguliwe kwanza, na mwenye kusafisha asiondoke hatua tano kutoka hapo. Simu ikilia, ilie.

Hatua ya 8: Baridi

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. PEX huvumilia kiasi. Viungio, pampu, valvu ya choo na bomba la kuogea nje havivumilii. Ubaya ni kwamba ufa wa Januari hauvuji Januari. Huvuja Aprili, siku ya kwanza unapofungulia maji. Na usidhani ni habari ya Minnesota tu: Februari 2021 Texas nzima iliganda, na mabomba yakapasuka hadi kusini kabisa.

Ukiihifadhi karavani bila kukaa ndani, mwaga matangi yote na hita ikiwa imepoa, geuza valvu za hita ili maji yaipite pembeni, kisha ama puliza mabomba kwa kompresa isiyozidi psi 40, ama vuta kwa pampu kimiminika cha pinki cha karavani mpaka kila bomba litoe rangi hiyo, la moto na la baridi. Galoni mbili au tatu hutosha. Kiwe kile cha propilini glaikoli. Cha rijeta ya gari kina sumu. Mimina kikombe kwenye kila tundu la sinki na bafu. Usilisahau bomba la nje. Nyufa nyingi za masika hupatikana humo.

Ukiishi ndani wakati wa baridi, nunua mpira wa maji wenye waya wa joto, zungushia sketi (kizuizi cha upepo) chini ya karavani, na usiku wa baridi kali fungua milango ya makabati ya sinki joto liingie.

Hatua ya 9: Unapotoka mlangoni

Funga bomba la kambi. Kila mara, hata ukienda kununua mkate. Kisha zima swichi ya pampu. Tabia hii moja inashinda vifaa vyote. Inachukua sekunde kumi na haina betri.

Baada ya hapo, weka ving'ora vidogo vya maji chini ya sinki, nyuma ya choo, karibu na pampu na hita. Wanaofanya zamu za usiku wachague vile vinavyotuma ujumbe kwenye simu, kwa maana king'ora kinacholia kwenye karavani tupu humwamsha jirani tu.

Ikiwa maji yameshaingia

Funga maji. Kisha kata umeme wa kambi kwenye swichi ya nguzo ikiwa umesimama pakavu, halafu zima betri. Piga picha kila pembe kabla ya kugusa chochote: bima nyingi hulipa maji ya ghafla na kukataa yaliyovuja polepole, na picha yenye tarehe ndiyo shahidi wako. Fyonza maji, ondoa zulia, inua magodoro, fungua paneli za chini ya kitanda na nyuma ya makabati. Maji hujificha kati ya sakafu na karatasi nyeusi ya plastiki iliyofunika tumbo la karavani. Likining'inia, weka ndoo na ulitoboe mahali paliponing'inia zaidi. Ukungu huweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo feni na mashine ya kukausha hewa ziwashwe siku hiyo hiyo, baada ya kuhakikisha nyaya na soketi ni kavu. Endelea kupima kwa kile kipima unyevu mpaka mbao irudi chini ya 15, hata kama mkono unakuambia imekauka.

Mto ukiwa jirani

Viwanja vya kando ya mto ndivyo vinavyopendeza na ndivyo vinavyoua. Usiku wa kuamkia Juni 11, 2010, maji ya ghafla yaliua watu 20 katika kambi ya Albert Pike, Arkansas. Alfajiri ya Julai 4, 2025, mto Guadalupe huko Texas ulipanda kwa kasi, ukabeba karavani na waliolala ndani. Waliokufa katika mafuriko yale ya Texas walizidi 100. Mara zote mbili maji yaliwakuta watu vitandani.

Unapofika kambini, uliza meneja maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote, na uangalie miti: takataka zilizokwama matawini zinasema ukweli. Chagua kiwanja cha juu hata kama hakina mandhari. Acha sauti ya tahadhari za hali ya hewa kwenye simu ikiwa imewashwa usiku, na uwe na redio ya NOAA, ile ya kupokea tahadhari za idara ya hali ya hewa ya Marekani, kwa kuwa mabonde mengi hayana mtandao. Elekeza pua ya pikapu upande wa kutokea. Tahadhari ikija, chukua watoto, dawa na pasi za kusafiria, uache karavani. Hakuna muda wa kuifunga kwenye pikapu. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha inchi 12 husukuma gari dogo, na ya inchi 24 huyabeba magari mengi, pikapu ikiwemo.

Ukirudi na kukuta karavani ilizama hadi sakafuni, usiunganishe umeme wala kufungua gesi. Fundi akague nyaya, breki na beringi za magurudumu kabla ya kuivuta, na regulata ya gesi iliyozama itupwe, hata kama kwa nje inaonekana mpya.